Kwa nini Wathai wanaiwekea mizimu soda nyekundu? Mwanangu nusura ainywe

#1 MamaPili_Tanga
Wakuu habari za jioni. Nina swali linanikaa kichwani tangu turudi, na mume wangu kashachoka kuulizwa.

Mwezi wa tano 2025 mume wangu alipata kozi ya wiki tatu Bangkok. Tukaona isiwe tabu, tukavunja kibubu tukamfuata: mimi, binti wa miaka 11, kijana wa miaka 6, na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Wete, ambaye maji aliyowahi kuyavuka ni ya Pemba kuja Tanga tu. Tulifikia hoteli ndogo pande za Phra Khanong. Uani, kando ya geti, kuna kijumba kizuri cha rangi ya dhahabu, kimesimama juu ya nguzo moja kama banda la njiwa. Ndani vinyago vidogo vya wacheza ngoma, tembo, farasi. Mbele yake kibaraza, na juu ya kibaraza chupa tatu za soda nyekundu zilizofunguliwa, kila moja na mrija wake.

Siku ya pili tumetoka kutembea, joto kama la Tanga ila bila upepo wa bahari, kijana akaniponyoka mkono. Nageuka, kashapanda juu ya chungu cha maua, mdomo uko kwenye mrija. Dada wa usafi alitupa ufagio akaja mbio, "mai dai, mai dai!" Hakumpiga wala kumkaripia. Alimshusha taratibu, akakutanisha viganja akakiinamia kile kijumba na kusema maneno yake, kisha akavuka barabara kwenda dukani, akarudi na soda ileile, nyekundu vilevile. Akaifungua, akatia mrija, akawasha vijiti vya ubani. Nikatoa hela nimlipe, akakataa.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti anatazama yote. Akasema, "Mizimu yao hiyo. Kwetu hupewa marashi, hawa wanapewa soda." Akaendelea na tasbihi yake.

Tangu hapo nikawa naviona vijumba hivyo kila mahali: benki, gereji, kituo cha mafuta, hata juu ya paa la jengo. Na karibu kote soda ni nyekundu. Si ya chungwa, si kola. Kwa nini nyekundu? Na mrija wa nini, mizimu haina mdomo? Wajuzi nijuzeni.

#2 Mchokonozi
Ni damu hiyo. Zamani walichinja, damu ikamwagwa. Siku hizi kuchinja kila asubuhi nani ana nafasi hiyo? Wameweka soda. Swali linalofuata.

#3 Sauti_ya_Buza
Mtoto hana kosa. Joto, soda imeshafunguliwa, mrija umo ndani. Mimi nina miaka 38 na ningekunywa.

#4 MbongoBangkok
Dada MamaPili, karibu. Niko hapa mwaka wa tisa, nafundisha.

Kijumba cha nguzo moja kinaitwa san phra phum, ni makao ya mlinzi wa kiwanja. Fikra yenyewe ni kwamba ardhi ina mwenyewe kabla yako. Ukijenga umemtoa kwake, basi unamjengea nyumba yake, na nyumba yako isiitupie kivuli nyumba yake. Kuna watu wakiongeza ghorofa wanabadilisha kijumba pia ili mwenyeji asionekane kaachwa nyuma. Chenye miguu minne au sita, kifupi zaidi, ni cha babu na bibi, yaani wazee waliokalia ardhi ile zamani. Watu wengi wanaweka vyote viwili.

Kuhusu damu ya Mchokonozi: mama mwenye nyumba wangu anaweka ndizi, maji, maua na soda. Nyama sijaiona kwake hata siku moja. Yeye ana asili ya Kichina, kama watu wengi hapa Bangkok, na jibu lake ni fupi: nyekundu ni rangi ya heri. Bahasha za mwaka mpya nyekundu, taa nyekundu, soda nyekundu.

#5 Mchokonozi
Mkuu #4, kijumba kinapozinduliwa kile kichwa cha nguruwe mezani ni mboga? Nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa pale 2017.

#6 MbongoBangkok
Hapo umenipata, kichwa kipo kwenye sherehe nyingi. Lakini kimechemshwa, mkuu. Damu iko wapi?

#7 Mpemba_Asilia
Asalaam aleikum. Bi mkubwa wa #1 kasema kweli, ila kafupisha. Kwetu si marashi tu. Kuna ubani, udi, asali, halua, mayai, karanga, vyote juu ya chano, na kila pepo ana chake na kitambaa cha rangi yake. Ukimpa wa rangi nyeusi kitambaa chekundu umejitafutia. Wa kibuki wao hunywa brandi, tena wanataka nzuri, na sijasikia mtu kufungua uzi kuuliza kwa nini brandi. Kwa hiyo msiulize soda gani, ulizeni ni ya nani.

#8 Sauti_ya_Buza
Yaani mizimu ya Thailand haijafikisha miaka 18, bado iko kwenye soda 😂

#9 MzigoPratunam
Mie naenda Bangkok mara tatu kwa mwaka kuchukua nguo Pratunam, wenzangu wa Kariakoo mnapajua. Yule mama ninayenunua kwake jinzi hafungui mzigo mpaka aweke chupa kwenye kijirafu kilichopo juu ya kaunta. Mteja wa kwanza akishalipa, anachukua zile noti anazigongagonga juu ya nguo zote, tap tap tap, fulana mpaka soksi. Siku ya kwanza niliogopa nikadhani ni chuma ulete. Kumbe ni heri ya mauzo ya kwanza, anaisambaza.

Nilimuuliza habari ya soda kwa kikokotoo na vidole, ndiyo lugha yetu. Akaonja hewa, akafanya "mmm", akaonyesha nguo. Nilivyomwelewa: soda tamu, biashara iwe tamu. Rangi hakuitaja kabisa.

#10 MamaPili_Tanga
Asanteni wote. #4 umenikumbusha, nyuma ya kile cha nguzo moja kilikuwepo kingine cha miguu minne, kimechakaa kidogo, ndani kibabu na kibibi wameketi kama wanangoja chai. Nimefungua picha sasa hivi kuhakiki. Cha babu na bibi kina maji na ndizi tatu. Soda nyekundu haipo! Iko kwa mlinzi wa kiwanja tu. Mnasemaje hapo?

#11 MbongoBangkok
Hapo inategemea mwekaji, dada. Mimi nimewahi kuona kibabu na kibibi wana soda kila mmoja na yake, na pakiti ya sigara pembeni.

#12 Dalali_Mstaafu
Vijana, hamjambo. Mwaka 1995 nilikuwa Tunduru kwenye mawe. Walioishi pale watakumbuka Wathailand, ndivyo tulivyokuwa tukiwaita, wamepanga nyumba za tope wanalipa kodi ya ghorofa. Tajiri niliyekuwa namletea safaya alikuwa na ubao kaupigilia ukutani. Juu yake picha ya mtawa, maua ya karatasi na soda. Nyekundu haikuwa inapatikana Tunduru kila siku, gari la soda lilikwama sana masika, kwa hiyo kuna siku niliona ya chungwa, na kuna siku niliona glasi ya maji kayatia rangi ya ubuyu. Nakwambieni kweli. Alininunulia ubuyu akauchovya.

Maana yake rangi ilikuwa ni jambo kwake. Mimi nikajua ni kwa sababu ya rubi, jiwe jekundu ndilo lenye pesa. Nilimwambia, akacheka mpaka akakohoa, hakujibu. Baadaye nilifika mjini kwake Chanthaburi, ule mji wa soko la mawe, wanunuzi wanakaa mezani na madalali ndio wanazunguka nayo kwenye karatasi. Kila duka soda. Na kila duka linauza mawe ya kijani, ya bluu na ya njano pia, kwa hiyo nadharia yangu ya rubi ilifia palepale.

#13 Sauti_ya_Buza
Mzimu wa Kithai kunywa ubuyu wa Tunduru! Mzee hii iandikwe kitabuni.

#14 Mwanachuo_Pathum
Nasoma chuo cha AIT, nje kidogo ya Bangkok. Mwenzangu wa maabara anatoka Nakhon Si Thammarat, ana maelezo tofauti kabisa. Kusini kwao wilaya ya Sichon kuna hekalu, Wat Chedi, lenye kijana mdogo wa kimbao anaitwa Ai Khai, mzimu wa mtoto. Watu wanaenda kumwomba utajiri na namba za bahati nasibu, inayochezeshwa tarehe 1 na 16 kila mwezi. Nadhiri ikitimia wanamletea vitu vya mtoto wa kiume: manati, vinyago vya askari, sanamu za majogoo, fataki, na maji mekundu matamu. Majogoo pale ni maelfu, mengine makubwa kuliko mtu. Pia kuna kuman thong, mzimu wa mtoto ambao watu huuweka nyumbani kama mwanafamilia, na naye kinywaji chake ni hichohicho chekundu.

Anasema ilianzia kwa mizimu ya watoto, kwa sababu mtoto yeyote ukimwekea chupa za rangi zote atachukua nyekundu. Halafu watu wakaona inakubali, wakampa kila mtu.

Ukikubali hiyo, basi kijana wa MamaPili ndiye ushahidi.

#15 MamaPili_Tanga
@Mwanachuo 😂😂 nimemsomea baba yake.

#16 Fundi_Redio
Mnazunguka sana. Duka la jirani lina soda gani? Ndiyo unaweka. Kabla ya soda ya chupa walikuwa na sharubati ya kuchanganya na maji, nyekundu, bei chee, wanaiita nam daeng, maana yake maji mekundu, hamna zaidi. Ikaja chupa ya kufungua tu, kazi imepungua, wakahamia. Mambo ya damu na heri yamekuja baadaye, baada ya watu kama sisi kuanza kuuliza.

#17 Mchokonozi
Na hiyo sharubati ilikuwa badala ya nini? 👀 Nangoja.

#18 BintiMaskati
Nami niingie. Sisi wa Maskati tunakwenda sana Bangkok kwa matibabu, familia nzima inaandamana na mgonjwa mmoja, mnatujua. Mtaa wa Nana pale utadhani uko Ruwi, shawarma na kahwa mpaka alfajiri.

Ramadhani mwaka mmoja babangu alikuwa amepona, tukateremka Krabi kupumzika. Kule Waislamu ni wengi, tukaalikwa kufuturu na mwenye boti. Mezani tende, wali, mchuzi wa samaki wa nazi ambao bibi yangu wa Unguja angeupasisha, na jagi la nam daeng limetiwa maziwa na barafu, rangi ya waridi. Kesho yake akatupeleka Ko Panyi, kile kijiji cha Waislamu kilichojengwa juu ya nguzo baharini, Ghuba ya Phang Nga. Msikiti una kuba za dhahabu, watoto wanacheza mpira kwenye uwanja unaoelea. Vijumba vya mizimu hakuna hata kimoja. Soda nyekundu kila duka!

Kwa hiyo mizimu haiko, nyekundu iko. Kwetu Ghuba nani anafuturu bila Vimto? Na Vimto ni ya Waingereza. Mtu akiniuliza kwa nini Vimto nitamwambia kwa sababu mama aliweka Vimto.

#19 Kifuu_cha_Kilifi
BintiMaskati umenena. Kwetu Wagiriama koma, yaani mizimu ya wazee, humwagiwa tembo la mnazi, na ni mnazi kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwepo. Kwetu kungekuwa na mizabibu tungewamwagia divai.

Lakini mimi nina langu. Nilikuwa baharia, meli ikakaa Laem Chabang siku kumi na moja, tukapanda basi kwenda Bangkok. Kwenye kona moja ya barabara ya Ratchada, karibu na mahakama, nikaona PUNDA MILIA. Si mmoja. Mamia. Wadogo kama paka, wakubwa kama punda wa kweli, wamepangwa chini ya mti wote wanatazama barabarani. Mimi mtoto wa Kenya, nimekwenda kilomita zote hizo kumkuta mnyama wa Tsavo anaabudiwa. Niliuliza watu watatu nikapata majibu manne. Nani anajua?

#20 MbongoBangkok
Kona hiyo inajulikana, wameipa jina la kona ya maiti mia kwa ajali zake. Maelezo niliyoyasikia: kivuko cha watembea kwa miguu kwa Kithai ni thang ma lai, njia ya punda milia. Ukimweka punda milia umeweka kivuko, mzimu unakuvusha salama.

#21 Mwanachuo_Pathum
Rafiki yangu anasema hapana, punda milia ni usafiri. Wazee walipewa farasi na tembo, mzimu wa barabarani anapewa punda milia kwa sababu barabara ina mistari.

#22 MzigoPratunam
Mimi dereva teksi aliniambia mtu mmoja tu alianza, akashinda bahati nasibu, wengine wakaiga. Na punda milia wanauzwa kwenye maduka ya vijumba kando ya barabara, mkubwa na mdogo, bei mbalimbali kama viatu.

#23 Sauti_ya_Buza
Serikali idai mrabaha wa punda milia wetu. Na kwenye kona za ajali za Kitonga tuweke twiga.

#24 Dalali_Mstaafu
Kitonga twiga hatafaa, atakata breki kwa shingo.

#25 MamaPili_Tanga
Mmeniua. Ngoja niongeze ya mama mkwe, maana safari ile ilikuwa yake.

Kwenye taa za barabarani wanauza mashada ya asumini, madogo ya kutosha kiganja. Mama alipoiona asumini alisahau alipo. Akanunua mawili, akayaweka puani akavuta harufu kwa macho yaliyofumba, halafu akalivaa moja kichwani kama kikuba. Muuzaji, binti mdogo, akabaki mdomo wazi. Mama akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, umesuka vizuri, lakini kikuba gani bila kuchanganya mrehani?"

Siku nyingine tuko kituo cha treni ya juu, saa kumi na mbili jioni, ghafla muziki ukapigwa na kila mtu akaganda. Mwenye simu, mwenye mfuko, mwenye mtoto, kimya. Mama akanishika mkono, "Inna lillahi, nani kafa?" Kumbe wimbo wa taifa, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kila siku.

Na maziwa! Binti yangu alisoma chini ya paketi: mwisho wa kutumia 2568. Baba yake akasema haya yatatuzika sote. Tukayakalisha nje ya friji kwa imani hiyo, kesho yake yamechacha. Ndipo tukaambiwa kalenda yao ya Kibudha iko mbele kwa miaka 543.

Lililonitia aibu ni moja. Sokoni mama alimkuta mtoto mzuri kakaa juu ya meza ya muuza mahindi. Akamwekea mkono utosini amwombee dua, kama anavyowafanyia wajukuu. Binti yangu alikuwa kashasoma mtandaoni kuwa kichwa cha mtu hakiguswi, akapiga kelele, "Bibi, kichwa!" Mama akautoa mkono kama kaungua. Muuza mahindi alitutazama sisi wote. Halafu akamsogeza mtoto wake karibu zaidi na mama mkwe, akamwinamisha kichwa. Mama akasoma dua yake mpaka mwisho. Mahindi tulipewa matatu kwa bei ya mawili.

#26 MbongoBangkok
Dada, hiyo ya kichwa watalii huikariri nusu. Mtu mzima mwenzako usimguse kichwa, na usimrukie mtu aliyelala, na miguu usiielekeze kwa mtu wala sanamu. Lakini mzee kumshika mtoto kichwani kwa baraka ni jambo la kawaida kabisa. Yule mama aliona mzee anataka kumbariki mwanawe. Aibu ilikuwa ya binti yako peke yake, mpe pole.

Ya asumini ndiyo ilikuwa kosa lenyewe 😀 Mashada yale yanapelekwa kwa Buddha na kwenye vijumba. Ua la kutoa halinuswi kwanza, ukishavuta harufu umelila wewe.

#27 Mpemba_Asilia
Ua lisilonuswa la kazi gani? Bi mkubwa wetu hana kosa.

#28 Ustaadh_wa_Makorora
Naona uzi wote watu wanacheka. Nakumbusha tu kwa heri: haya ni mambo ya shirki, tusiyapambe kwa vicheko tukayazoesha watoto.

#29 MamaPili_Tanga
Ustaadh shukrani, nasaha imefika. Hatukuabudu chochote, tuliona tu. Mama mkwe mwenyewe hajaacha sala hata moja kule, mpaka akamfundisha mlinzi wa hoteli kutuonyesha upande wa kibla kwa simu yake.

#30 Kifuu_cha_Kilifi
Majina je, mlikutana nayo? Kuli mmoja pale bandarini jina lake ni Moo, nikaambiwa maana yake nguruwe. Mwenzake Lek, mdogo, na ni pandikizi la mtu. Mwingine Benz.

#31 Mwanachuo_Pathum
Yote ni majina ya nyumbani. La cheti ni refu, hata mwalimu halitumii. Wanasema zamani walimpa mtoto jina baya au la mnyama ili mizimu isimtamani na kumchukua. Siku hizi mzimu umeshindwa, wanaita Bank na Beer.

#32 Mpemba_Asilia
Hilo letu pia. Mama akifiwa na watoto wawili watatu, anayefuata anaitwa Takataka au Mjakazi, kifo kimpite. Shangazi yangu hakuwahi kuitwa jina la aqiqa mpaka kuolewa.

#33 Mama_Korat
Habari zenu. Mimi ni wa Nakuru, nimeolewa huku, tunaishi Korat na mama wa mume wangu. Nimekuwa nikisoma kimya, sasa nimeshindwa.

Kila asubuhi mama anaweka soda nyekundu. Anawasha ubani, anaongea na mlinzi kama anavyoongea na jirani: mvua imechelewa, kijana ana mtihani, hivyo tu. Ubani ukishawaka mpaka mwisho, anaomba ruhusa, anaondoa. Na wanaoinywa ile soda ni WATOTO WANGU. Kila siku. Chakula kikishapokelewa na mlinzi kinachobaki kina baraka, hakitupwi kikiwa bado kizuri. Haina gesi tena, na mara nyingine kuna sisimizi, lakini wanaigombania.

Kwa hiyo MamaPili, swali langu: ubani ulikuwa bado unawaka? Kama ulikuwa umezimika, kijana wako hakuvunja kitu kikubwa. Hakuomba ruhusa tu.

Na kwa nini nyekundu nilimuuliza mama mwaka wa kwanza. Akasema mume wake aliipenda. Mwaka wa tatu nikamuuliza tena akasema dukani hapa kwetu ndiyo haiishi. Mwaka jana akasema ni rangi ya heri. Mrija ni wa heshima, mgeni utampa chupa anywe kwa mdomo?

#34 Fundi_Redio
"Dukani ndiyo haiishi." Nilisema #16.

#35 MbongoBangkok
Heri nilisema #4.

#36 Mchokonozi
Mume wake aliipenda kwa nini? Damu.

#37 Sauti_ya_Buza
Mchokonozi apimwe presha.

#38 MzigoPratunam
Mama_Korat hiyo ya watoto imenifungua macho. Kumbe ndiyo maana yule mama wa jinzi saa saba mchana ananipa soda ya vuguvugu isiyo na gesi. Miaka sita nadhani ananibania.

#39 BintiMaskati
Umebarikiwa miaka sita bila kujua 😂

#40 MamaPili_Tanga
Mama_Korat, nimekwenda kumuuliza mama mkwe kama ubani ulikuwa unawaka. Nimemkuta anachambua mchele. Hata hakuinua macho. "Ulishazimika. Majivu matupu." Nikamwambia mama, sasa mbona hukusema siku ile? Akasema yule dada alishatupa ufagio na kukimbia, mtu akishakukimbilia kwa nia njema humwambii rudi. Halafu akaniuliza kama yule dada nilimwachia kitu wakati wa kuondoka. Nilimwachia kanga. Akarudi kwenye mchele wake.

Swali langu la rangi naliacha wazi, naona majibu nane na kila mmoja yuko na lake.

#41 Dalali_Mstaafu
Tisa. Usisahau rubi.

#42 Sauti_ya_Buza
Dada mmoja tu kabla hujalala. Kichwa cha uzi kinasema "nusura ainywe". #1 unasema mdomo uko kwenye mrija. Alikunywa au hakunywa?

#43 MamaPili_Tanga
Mrija ulikuwa mweupe alipopanda. Aliposhushwa ulikuwa mwekundu mpaka juu.

Baba yake hayumo humu, tuiache hapo.